Kamera Isiyo na Kioo Yabisha Hodi Migori na Homa Bay

Mechi ikianza saa tisa alasiri katika Uwanja wa Green mjini Awendo, jua la Migori huwa bado kali, na halimwonei huruma mtu aliyechuchumaa nyuma ya goli akiwa ameshika lenzi ndefu. Hapo ndipo wapiga picha hukaa. Mshambulizi akiinua mguu, vidole vyao hubonyeza kwa pamoja, na kwa miaka mingi mlio uliosikika ulikuwa mmoja: ta-ta-ta-ta ya kioo kinachoruka na kurudi ndani ya kamera za DSLR. Siku hizi mlio huo unapungua viwanjani kote duniani. Mpiga picha anabonyeza, picha 20 zinaingia kwenye kadi ndani ya sekunde moja, na jirani yake hata hajui kama amefanya kazi.

Anayefanya hivyo ana kamera isiyo na kioo. Katika mashirika makubwa ya habari, suala la kuiacha DSLR limekwisha kuamuliwa. Huku Migori na Homa Bay bado linaulizwa kila mtu anapohesabu akiba yake: je, auze kamera iliyomlisha kwa miaka kumi, au aendelee nayo? Jibu lina pande mbili. Kamera isiyo na kioo imeshinda, na imeshinda kwa haki. Hata hivyo, kwa mpiga picha wa kaunti hizi mbili, shilingi ya kwanza aliyoweka akiba haifai kwenda kwenye bodi mpya ya kamera.

Kilichokuwa kikiruka

Ndani ya DSLR mna kioo kidogo kilichoinamishwa mbele ya sensa. Mwanga unaoingia kwa lenzi hugonga kioo hicho, ukapanda hadi kwenye prizimu, na prizimu ikauelekeza kwenye dirisha ambapo mpiga picha ameweka jicho. Anachokiona ni mandhari yenyewe, kwa mwanga wake wenyewe. Sehemu ya mwanga huo hupenya na kushushwa kwenye sensa nyingine iliyoko chini, ambayo kazi yake ni fokasi tu. Kidole kikibonyeza, kioo huruka juu, shata hufunguka, picha hupigwa, kioo hurudi. Kioo kikiwa juu, dirisha huwa giza. Kwa hivyo ile sehemu ya sekunde inayobaki kwenye picha ndiyo hasa ambayo jicho la mpiga picha halikuiona.

Wakongwe walijifunza kuishi na giza hilo. Walijua kwamba ukiona mpira umegusa kichwa cha beki ndani ya dirisha, umechelewa. Ulipaswa kubonyeza beki alipokuwa akipaa. Ustadi huo ulijengwa kwa miaka, na ndio uliomtenganisha mpiga picha wa michezo na mpiga picha wa harusi.

Kamera mpya imeondoa kioo, prizimu na ile sensa ya pili. Mwanga hufika moja kwa moja kwenye sensa kuu, na sensa hiyo hiyo ndiyo inayopima fokasi, ndiyo inayonasa picha, na ndiyo inayolisha kiskrini kidogo kilichomo ndani ya dirisha. Katika kamera za juu za aina hii, dirisha halifungwi kabisa. Mpiga picha huutazama mchezo mfululizo huku kamera ikinasa, na akiona kipa amebadili upande katikati ya kupaa, mkono wake humfuata.

Kioo pia kilikuwa na kikomo cha kasi, kwa sababu ni kitu chenye uzito kinachopaswa kwenda na kurudi. Canon walipotangaza EOS-1D X Mark III mnamo Januari 2020, DSLR hiyo ilipiga picha 16 kwa sekunde kwa kutumia dirisha lake. Nikon D6, iliyotangazwa mwezi uliofuata, ilipiga 14. Hicho ndicho kilikuwa kilele cha DSLR. Tangu wakati huo, kampuni hizo mbili hazijatoa DSLR nyingine ya hadhi hiyo.

Kutoka mkanda wa picha 36

Ukanda huu una historia ya michezo inayostahili kupigwa picha. Jina la klabu ya Gor Mahia, iliyoundwa mwaka wa 1968, linatokana na mganga mashuhuri wa Kanyamwa, eneo la Ndhiwa katika Kaunti ya Homa Bay ya leo. Mwaka wa 1987, Gor ilipotwaa Kombe la Washindi barani Afrika kwa kuiondoa Espérance ya Tunisia kwa bao la ugenini, waliokuwa kando ya uwanja walibeba kamera za mkanda. Mkanda mmoja ulikuwa na picha 36. Aliyekuwa na mota inayovuta fremu 5 kwa sekunde angeweza kuumaliza kwa sekunde 7 hivi, kisha ainamishe kichwa kuweka mwingine wakati mchezo unaendelea. Kila picha ilikuwa na gharama, na uchoyo wa kidole ulikuwa sehemu ya kazi.

Miaka 19 baadaye, mwaka wa 2006, SoNy Sugar ya Awendo ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya. Timu ya kiwanda cha sukari, kutoka mji mdogo ulio kwenye barabara kuu ya kwenda Isebania, iliwapiku vigogo wa Nairobi. Kufikia hapo, DSLR ilikuwa imeshika usukani. Canon 30D ya mwaka huo ilikuwa na megapikseli 8.2 na ilipiga picha 5 kwa sekunde, kasi ile ile ya mota ya mkanda, ila sasa hakukuwa na mkanda wa kuisha wala dawa ya kusafishia. Klabu hiyo baadaye ilianguka; msimu wa 2019/20 iliondolewa kwenye Ligi Kuu baada ya kukosa kufika katika mechi tatu. Picha za 2006 zina thamani zaidi kwa sababu hiyo.

Wakati SoNy ikisherehekea, kamera zisizo na kioo zilikuwa hazijafika sokoni. Panasonic Lumix G1 ilitoka mwaka wa 2008, na wanahabari wa michezo hawakuijali. Sony A7 ya 2013 ilileta sensa kubwa yenye ukubwa wa fremu ya mkanda wa milimita 35, lakini bado ilikuwa ya polepole. Mambo yalibadilika Aprili 2017, Sony walipotangaza A9: megapikseli 24.2, picha 20 kwa sekunde, bila sauti, bila dirisha kuwa giza. Canon na Nikon waliingia kwa nguvu mwaka wa 2018, kila mmoja na shingo mpya ya lenzi.

Julai 2020 shirika la habari la Associated Press lilitangaza kwamba wapiga picha wake duniani watahamia vifaa vya Sony. Mwaka huo huo, kwa mara ya kwanza, viwanda vya kamera vilisafirisha kamera nyingi zaidi zisizo na kioo kuliko DSLR: takriban milioni 2.9 dhidi ya milioni 2.4. Katika Olimpiki za Tokyo mwaka wa 2021, Canon R3 ilijaribiwa kando ya viwanja kabla hata ya kuzinduliwa rasmi Septemba. Mwezi uliofuata Nikon wakatoa Z9, kamera isiyo na shata ya kimakanika hata kidogo. Kufikia Desemba, mkuu wa Canon, Fujio Mitarai, alikuwa amelieleza gazeti la Yomiuri la Japani kwamba 1D X Mark III ndiyo ingekuwa DSLR yao ya mwisho ya daraja la juu.

Baada ya hapo kasi ikapanda ajabu. Sony A9 III ya Novemba 2023 hupiga picha 120 kwa sekunde. Canon R1 ya Julai 2024 hupiga 40.

Nyuso chini ya jua la utosini

Mji wa Homa Bay uko kama nusu nyuzi kusini mwa Ikweta, na Migori iko nyuzi moja na kidogo. Jua hapa hupita juu ya kichwa, halipiti kando. Mechi ya shule inayochezwa saa sita mchana huwapa wachezaji wote kivuli kizito chini ya paji la uso, na mpiga picha asipoangalia, macho hayaonekani kabisa.

Ongeza jezi nyeupe. Kamera hupima mwanga wa fremu nzima, huona weupe mwingi, na hupunguza mwanga ili jezi isiungue. Matokeo yake ni jezi nzuri na uso uliozama gizani. Kila aliyewahi kupiga picha za mpira wa shule katika eneo la Ziwa anaijua picha hiyo, na anajua jinsi mhariri anavyoitupa.

Hapa ndipo kamera isiyo na kioo inapompa mpiga picha wa Awendo au Oyugis faida kubwa kuliko ile anayopata mwenzake wa Ulaya. Dirisha la DSLR humwonyesha mandhari jinsi jicho linavyoyaona, na jicho la binadamu ni hodari sana kusoma uso ulio kivulini. Mpiga picha hudhani mambo ni sawa hadi atazame skrini ya nyuma, wakati bao limekwisha kufungwa. Dirisha la kamera mpya humwonyesha picha jinsi itakavyotoka. Uso ukiwa mweusi mno, anauona mweusi mno kabla hajabonyeza, anazungusha gurudumu kwa kidole gumba hadi nuru irudi usoni, na anakubali kwamba anga litachomeka kidogo. Uamuzi huo, ambao zamani ulikuwa wa kubahatisha, sasa unafanywa kwa macho.

Mbita kuna mtihani mwingine. Tamasha la utamaduni la Rusinga, ambalo hufanyika kila Desemba, huwa na mashindano ya mashua, na maji ya ziwa hurudisha mwanga kama karatasi ya fedha. Wavuta makasia hukaa kati ya jua la juu na mng'ao wa chini. Mpiga picha aliye ukingoni anahitaji kujua ni sehemu gani ya maji imepoteza maelezo yote na kuwa doa jeupe, na baadhi ya kamera mpya humwekea mistari inayocheza juu ya sehemu hizo ndani ya dirisha lenyewe.

Jambo la pili ni fokasi. Canon 700D, DSLR ya mwaka wa 2013 ambayo ni ya daraja la wanaoanza, ina nukta 9 za fokasi zilizosongamana katikati ya fremu. Mchezaji akikimbia pembeni, mpiga picha lazima amvute katikati, kisha akate picha baadaye. Canon R10 ya 2022, ambayo nayo ni ya daraja la kawaida, humtambua mtu, hutafuta kichwa, kisha uso, kisha jicho, na humfuata karibu fremu nzima. Katika kona, watu kumi wanapopaa pamoja, haifanyi miujiza. Hurukia uso usiotakiwa, na bado inamhitaji mtu anayejua nani atapiga kichwa. Lakini katika mbio za pembeni, au mchezaji wa kikapu anapopanda kufunga, mtu aliyekuwa akipata picha moja kali kati ya tano sasa hana sababu ya kuomba radhi kwa mhariri. Shule kama Agoro Sare ya Oyugis, iliyojijengea jina katika mpira wa kikapu, ina wachezaji wa kasi hiyo hasa.

Mpira unaogeuka yai

Ukimya na kasi vina gharama ambayo matangazo ya kamera huipitia haraka. Shata isiyo ya kimakanika haifungi pazia lolote. Sensa husomwa mstari baada ya mstari, kutoka juu kwenda chini. Usomaji huo ukiwa wa polepole, kitu kinachokwenda kasi huwa kimesogea kabla mistari ya chini haijasomwa. Mpira uliopigwa kwa nguvu hutoka umepinda kama yai. Kasia lililonyooka hutoka limekunjika.

Kamera za bei kubwa zimelitibu tatizo hili kwa sensa zinazosomwa haraka sana, na A9 III huisoma sensa yote kwa mpigo mmoja. Kamera za bei nafuu hazina tiba hiyo. Ndiyo sababu mwenye R10 anayejua kazi yake huacha ile kasi ya picha 23 kwa sekunde isiyo na sauti, na kurudi kwenye shata ya kimakanika inayopiga 15. Mlio unarudi, mpira unakuwa duara, na bado ana kasi mara tatu ya 700D, ambayo hupiga 5.

Kuna pia vumbi. Kwenye DSLR, kioo na shata hukaa mbele ya sensa lenzi inapotolewa. Kwenye kamera nyingi zisizo na kioo, sensa huwa wazi, inatazama anga. Katika kiwanja cha murram wakati wa kiangazi, upepo ukivuma kutoka nyuma ya goli, kubadilisha lenzi kunaweza kuacha madoa kwenye kila picha iliyobaki ya siku hiyo. Baadhi ya kamera mpya hufunga shata zinapozimwa ili kuilinda sensa. Zilizobaki zinataka nidhamu: mgongo uelekee upepo, kamera itazame chini, lenzi ya pili iwe tayari mkononi. Kando ya ziwa adui mwingine ni unyevu, unaokuza kuvu ndani ya lenzi zinazofungiwa kwenye mifuko kwa wiki nyingi. Huyo haulizi kama kamera ina kioo au haina, na pakiti chache za silika ndani ya boksi linalofungika vizuri humzuia.

Betri, umeme na bando

Mpiga picha wa Nairobi akisikia habari za betri huenda asijali. Wa Nyatike au Suba lazima ajali.

DSLR hutumia umeme kidogo kwa sababu dirisha lake ni kioo na prizimu tu. Kwa vipimo vya kawaida vya viwanda, betri moja ya Nikon D6 hupiga picha 3,580, na ya 1D X Mark III hupiga 2,850. Nikon Z9, iliyochukua nafasi ya D6, hupimwa kuwa na picha 700 hivi. Chini zaidi kwenye ngazi, 700D hupewa picha 440 kwa betri, na R10 hupewa takriban 210 ukitumia dirisha lake. Kazini hesabu hizi hupanda sana, kwa kuwa picha za mfululizo hazili betri kama picha mojamoja. Uwiano wenyewe haubadiliki: aliyezoea kuondoka nyumbani na betri moja ya DSLR Jumamosi asubuhi, sasa anahitaji tatu.

Na Jumamosi ya mpiga picha wa huku ni ndefu. Wengi hawaishi kwa michezo peke yake. Ijumaa na Jumamosi kuna mazishi na harusi, Jumapili kuna mechi, na katikati ya wiki kuna picha za shule na hafla za kanisa. Umeme ukipotea usiku wa Ijumaa, kamera isiyo na kioo humkwamisha mapema kuliko DSLR. Nafuu ni kwamba kamera nyingi mpya hukubali kuchajiwa kwa waya wa USB-C, hivyo benki ya umeme ya simu yenye nguvu ya kutosha, au gari, huweza kuziokoa kati ya kazi moja na nyingine.

Baada ya kupiga, picha lazima zifike kwa mhariri. Kwa kamera ya megapikseli 24, faili moja ya JPEG huwa na megabaiti 8 hadi 12. Kubonyeza kwa sekunde tatu kwa kasi ya picha 20 ni picha 60, yaani karibu nusu gigabaiti au zaidi kwa shambulizi moja ambalo huenda halikuzaa bao. Mwandishi wa kaunti anayelipwa kwa kila picha iliyochapishwa hanunui bando la kupeleka takataka. Mpiga picha mzoefu huchagua picha tatu wakati wa mapumziko, huzihamisha kwa simu kupitia programu ya kamera au kisoma kadi kidogo, hukata, huandika majina ya wachezaji, kisha huzituma kwa WhatsApp kama hati. Anayezituma kama picha za kawaida huona mtandao huo ukizibana hadi gazeti likashindwa kuzichapisha kwa ukubwa.

Hapa DSLR haiko nyuma sana. Picha moja iliyochaguliwa vizuri kutoka kwenye kamera ya 2012 ikifika kwa mhariri saa kumi na moja jioni, huishinda picha bora inayofika saa tatu usiku kutoka kwenye kamera ya 2024.

Hesabu ya shilingi

Kwa kiwango cha shilingi 129 hivi kwa dola moja, A9 III iliyozinduliwa kwa dola 5,999 ni takriban Sh774,000 kabla ya ushuru na usafiri. Canon R1, ya dola 6,299, inapita Sh812,000. Na hizo ni bodi tu. Lenzi ya milimita 400 yenye tundu la f/2.8, ile nyeupe kubwa inayoonekana nyuma ya magoli ya Ulaya, iliingia sokoni kwa dola 11,999 katika muundo mpya wa Canon, yaani zaidi ya Sh1.5 milioni. Hakuna gazeti la kaunti linalolipa picha kiasi cha kurudisha pesa hizo.

Kwa upande wa pili, R10 ilizinduliwa kwa dola 979, kama Sh126,000. Kwa bodi hiyo, mtu wa Rongo hupata fokasi inayofuata jicho na kasi ya picha 15 kwa sekunde, karibu sawa na ile ya kamera za kilele za DSLR. Miaka kumi iliyopita, mashine za kasi hiyo zilikuwa za mashirika ya habari peke yake. Huu ndio ushindi wenyewe kwa Migori na Homa Bay. Kamera za picha 120 kwa sekunde zitazungumziwa sana, lakini ngazi ya chini ndiyo inayobadilisha maisha ya wapiga picha wa huku.

Hata hivyo, R10 ikiwa na lenzi ndogo ya kuanzia inayokuja nayo dukani, haitampa mtu picha ya mpira. Lenzi hiyo haifiki katikati ya uwanja, na jioni inapoingia haina mwanga wa kutosha. Chukua DSLR ya zamani kama Canon 7D Mark II ya 2014, inayopiga picha 10 kwa sekunde, uifunge lenzi ya 70-200 yenye f/2.8, na uiweke kando na R10 yenye lenzi ya kuanzia. Mechi ikifika dakika ya 80 na jua likielekea ziwani, 7D itarudi nyumbani na picha, R10 itarudi na ukungu.

Ndiyo maana shilingi ya kwanza ni ya lenzi. Soko la mitumba linasaidia sana hapa. Kadiri wapiga picha wa mashirika makubwa wanavyohamia mifumo mipya, ndivyo DSLR zao na lenzi zao nzuri zinavyoingia sokoni. Canon walianza kutengeneza lenzi za EF mwaka wa 1987, na lenzi hizo hufanya kazi kwenye kamera zao zisizo na kioo kupitia adapta bila kupoteza fokasi. Anayenunua 70-200 ya EF leo kwa ajili ya DSLR yake ataitumia kesho kwenye R10. Mwenye Nikon awe mwangalifu zaidi: adapta yao haina mota ya kuendesha lenzi kongwe za AF-D, ambazo hutegemea mota iliyo ndani ya bodi, hivyo lenzi hizo zitabaki za kuzungusha kwa mkono.

Anayenunua bodi ya mtumba aulize idadi ya picha ambazo shata imekwisha kupiga. Canon waliijaribu shata ya 700D hadi picha 100,000, ya 5D Mark III hadi 150,000, ya 7D Mark II hadi 200,000, na ya 1D X Mark III hadi 500,000. Kamera ya michezo iliyouzwa na mwanahabari huenda imekaribia kikomo hicho hata kama bodi yake inang'aa. Aitoe lenzi, atazame kioo kwa tochi, apige picha ya anga tupu kwa tundu dogo aone madoa, kisha akague lenzi yenyewe kwa kuielekeza kwenye mwanga ili kuona kama kuvu imeanza kutambaa.

Viwanja vimejengwa, picha je?

Mnamo Juni 1, 2025, sherehe za kitaifa za Madaraka ziliandaliwa Homa Bay, na uwanja zilimofanyika sasa unaitwa Raila Odinga. Mwezi Agosti mwaka huo, Kenya, Tanzania na Uganda zilikuwa wenyeji wa michuano ya CHAN, na Harambee Stars ikafika robo fainali kabla ya kutolewa na Madagascar kwa mikwaju ya penalti. Mwaka wa 2027 nchi hizo tatu zimepewa Kombe la Mataifa ya Afrika lenyewe.

Mashindano ya ukubwa huo huleta wapiga picha wa kimataifa na kamera zao za kimya. Pia hufungua nafasi kwa wa nyumbani, na nafasi hizo huenda kwa wenye kazi za kuonyesha: mfululizo wa picha za ligi, za shule, za mbio za mashua, zilizo kali na zenye majina sahihi ya wachezaji. Anayetaka kibali cha kusimama nyuma ya goli mwaka wa 2027 anapaswa kuwa anajenga mkusanyiko huo tangu sasa, Awendo na Mbita, kwa kamera aliyo nayo.

Serikali za kaunti na klabu zinaweza kusaidia kwa gharama ndogo ukilinganisha na simiti ya jukwaa moja. Lenzi ya 70-200 yenye f/2.8 ya muundo mpya wa Canon ilizinduliwa kwa dola 2,699, takriban Sh348,000. Ya mtumba ya muundo wa EF ni nafuu zaidi. Idara ya michezo ikinunua mbili au tatu na kuzikodisha kwa siku kwa wapiga picha waliosajiliwa, kijana mwenye 700D ya zamani na kijana mwenye R10 mpya watasimama kwenye mstari mmoja wakiwa na jicho refu la aina moja. Klabu nazo zina wajibu wao: kumlipa mpiga picha wa nyumbani hata ada ndogo kwa kila mechi, kuweka jina lake chini ya picha zinapopakiwa kwenye kurasa zao, na kuhifadhi faili kamili mahali pawili badala ya kuziachia simu ya katibu. Haya yanaweza kuanza msimu ujao wa ligi na muhula ujao wa michezo ya shule, bila kungoja bei ya kamera mpya ishuke.